Siku Wanawake Waliposhika Jembe la Kaburi

Habari hii nilipewa na Jenista, mke wa fundi baiskeli, mwaka jana wakati wa kuchuma kahawa, tumekaa jamvini tunatenga zilizoiva na zilizo mbichi. Yeye alikuwepo siku hiyo, tena aliingia shimoni kwa miguu yake. Naiandika kama alivyoisema. Mahali hasira ilipomshika akanyamaza, hapo nimeweka maneno yangu, maana hasira hiyo hata mimi ninayo.

Huko upande wa Igamba yuko mama mmoja, Enesi, mjane, mtu wa mikono mipana na maneno machache. Jirani yake ni Atupele. Nyumba zao zimetenganishwa na mstari wa migomba tu, na watoto wao walikula chungu kimoja. Anyosisye, mtoto wa Enesi, alilelewa mgongoni kwa Diana, binti wa Atupele, wakati mama zao wakiwa shambani.

Diana alipokuwa msichana akaenda Tunduma kutafuta maisha. Alipata kazi kwenye nyumba ya wageni, kule malori yanakopanga foleni kungoja kuvuka kwenda Zambia. Kazi gani? Watu walisema yao. Enesi hakuuliza. Aliona mabati juu ya nyumba ya Atupele mahali palipokuwa na nyasi. Aliona wadogo zake Diana wanakwenda shule na viatu miguuni. Halafu akamwona Diana mwenyewe anashushwa kwenye bodaboda, shingo imebaki kama bua la mtama, akajua mtoto amerudi kufia kwao. Akampikia uji, akamlisha kwa kijiko. Basi.

Siku ya kumzika, vijana walishika majembe tangu alfajiri, Anyosisye akiwa mkubwa wao. Kaburi lilikuwa kwenye shamba la kahawa la ukoo, kando ya barabara kuu ya kijiji. Shimo lilikuwa limefika magotini waliposikia honi.

Ilikuwa kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kimefungwa spika mbili juu. Wakashuka watu wenye fulana nyeupe, kila mmoja na ufagio wa chelewa begani. Kijiji kiliwajua kutoka kwenye simu. Walijiita Watu wa Fagio. Kazi yao kuzunguka kwenye misiba, hasa ya mabinti waliofanya kazi mipakani, na kufagia barabara mbele ya nyumba ya mfiwa kana kwamba pametupwa uchafu. Mkubwa wao aliitwa Gwamaka, kijana wa viatu vinavyong'aa na sauti ya asali.

"Wazazi, msilie!" ikapiga spika. "Takataka haililiwi machozi! Takataka hufagiliwa!"

Na fagio zikaanza. Shwaa, shwaa, shwaa.

Enesi alikuwa mafigani anasonga ugali wa waombolezaji. Aliacha mwiko umesimama katikati ya sufuria. Akatazama mlango wa Atupele. Ndani mama wa watu amekaa chini kando ya sanduku la mwanawe, na ukuta wa tofali mbichi hauzuii sauti. Kila neno lilikuwa linamfikia.

Akamwendea mtendaji wa kijiji, Barnaba, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha wageni.

"Mtendaji, hawa umewaona?"

"Nimewaona, mama Anyosisye."

"Na masikio unayo?"

"Wana kibali," Barnaba akasema polepole. "Walitoa taarifa kituoni, wakaruhusiwa. Wako barabarani, hawajakanyaga uwanja wa mfiwa. Barabara ni ya umma. Na kila mtu ana uhuru wa kutoa maoni yake, hata yale tusiyoyapenda."

"Maoni."

"Ndiyo, mama."

"Nisikilize, Barnaba. Mimi na mambo hayo si wageni. Vijana walipoandamana kwa ajili ya mbolea, wakakutukana wewe hadharani, ukataka kuita polisi. Nani alikwambia waache waseme?"

"Ni wewe."

"Ni mimi. Kwa sababu uliweza kuwajibu, na uliwajibu, mpaka mate yakakukauka. Sasa Diana ajibu na nini? Ainuke kwenye sanduku?"

Barnaba akatazama viatu vyake. "Sheria haijasema kitu juu ya misiba."

"Haijasema kwa sababu aliyeiandika hakudhani atazaliwa mtu asiye na haya kiasi hiki."

Akamwacha hapo, akaenda barabarani. Gwamaka alipomwona mama mtu mzima anakuja, akashusha kipaza sauti, akainama kidogo kwa adabu.

"Shikamoo, mama."

Enesi hakuitikia. Wewe unayesoma unajua uzito wake. Mtu mzima kusalimiwa na kijana, akaiacha salamu ianguke chini mbele za watu! Enesi hakuwahi kufanya hivyo maishani mwake.

"Ulimjua huyu unayemfagia?" akauliza.

"Tunawajua wa aina yake, mama. Sisi hatuna chuki na mtu. Tunasema ukweli ili mabinti wengine wapone."

"Mama yake anaitwa nani?"

Gwamaka akatabasamu tu.

"Umetoka kwako, umefunga spika, umesafiri mpaka kwetu, na jina la mama aliyefiwa hulijui. Ukweli gani huo usiojua hata hodi?"

Yule kijana hakukasirika. Watu wa namna hiyo hawakasiriki, wanafurahi ukiwajibu. Aligeuka akanyoosha mkono upande wa kaburi.

"Jamani, simu zenu huku! Tazameni vijana wanaochimba! Wateja wake hao, wamekuja kulipa fadhila! Piga sura, moja moja, wachumba zao wawaone!"

Simu zikanyanyuliwa juu kama mikono ya wanafunzi wanaojua jibu. Kijana wa kwanza akavuta kofia usoni, akatoka shimoni. Wa pili akasema anakwenda kunywa maji. Mwishowe akabaki Anyosisye peke yake, udongo umemjaa mpaka kwenye nyusi. Alikuwa amemchumbia Erica, binti wa mwinjilisti, na mahari ilikuwa bado inazungumzwa. Akalaza jembe ukingoni taratibu, kama mtu anayelaza mtoto, akapanda juu.

"Unakwenda wapi?" mama yake akamuuliza.

"Mama, hawa wataniweka mtandaoni. Baba yake Erica akiona..."

"Mgongo wa Diana uliukojolea wewe, mpaka nguo zikamwozea."

"Najua, mama."

"Unajua."

Akapita katikati ya kahawa, akaishilia kwenye migomba.

Shimo likabaki la magotini. Mawingu ya mvua yalikuwa yameshaanza kujikusanya upande wa milimani, na marehemu alikuwa amelala ndani tangu juzi. Atupele akatokea mlangoni, ameshika mwimo kwa mikono miwili. Hakutazama barabarani.

"Mwanangu hatoki humu mpaka shimo liwe tayari," akasema. "Akishatoka harudi ndani. Simtoi akakae juani anatukanwa."

Wanaume waliokuwa kwenye mabenchi wakasikia. Wakatazamana. Mmoja akakohoa. Hakuna aliyeinuka, kila mmoja anaona zile simu.

Kwetu mwanamke hashiki jembe la kaburi. Anapika, anaosha maiti ya mwanamke mwenzake, analia, analala chini. Lakini shimo ni la wanaume. Mikono inayompokea mtoto duniani, wanasema wazee, haimchimbii. Mwiko huo mkubwa, na aliyeuvunja hatukuwa tumemwona.

Enesi akavua kandambili. Akakaza kitenge kiunoni mara mbili, akashuka shimoni, akaokota jembe la mwanawe.

"Enesi!" Mzee Yesaya akapaza sauti kutoka kwenye benchi. "Mwiko huo!"

"Najua, baba. Basi ingia wewe."

Jembe likashuka. Udongo wa kule ni mwekundu, juu laini, chini mgumu kama tofali, na mkono uliozoea kupalilia haukuzoea kina hicho. Enesi akapiga, akapiga, huku spika ikizidi kumchafua Diana na kilio kikipanda ndani ya nyumba. Jenista ndiye aliyemfuata. Anasema hakuwaza lolote, alijikuta tu yuko ndani. Kisha akaja Ruti, mke mdogo wa muuza duka, na pochi yake begani.

"We Ruti, pochi ya nini humu?" Jenista akamuuliza.

"Nikiiacha juu hawa wasafi wataifagia," Ruti akajibu, na Jenista anaapa kwamba walicheka, wote watatu, ndani ya kaburi la mtoto wa mwenzao, huku machozi yanawatoka.

Basi Gwamaka akaona amepata sinema.

"Oneni! Oneni maajabu! Wanawake wanachimba kaburi! Kijiji hiki hakina wanaume! Wanaume wa hapa wavae vitenge!"

Hapo ndipo mabenchi yaliposogea. Mzee Yesaya akasimama na fimbo. Wakasimama na wengine nyuma yake, wakaja shambani kundi zima, nyuso zimewaiva kwa hasira, wala hawakuziona simu tena.

Na hapa ndipo Jenista aliponyamaza, akachambua kahawa muda mrefu bila kuinua macho. Kwa hiyo niseme mimi. Tangu asubuhi mtoto wa mwenzao anaitwa takataka, mama yake anasikia, wao wametulia na chai mkononi. Wakaambiwa wao si wanaume, mara miguu ikapata nguvu! Jambo hili linanikera kuliko fagio zenyewe. Mwenye chuki nimemzoea, namjua rangi yake. Huyu mwema anayengoja mpaka aguswe yeye ndiye anayeninyima usingizi.

Hata mtendaji Barnaba aliinuka. Akavuka barabara, akamwekea Gwamaka mkono kwenye kipaza sauti.

"Zima."

"Mheshimiwa, tuna kibali."

"Kibali ni cha kusema maoni yenu. Umewapiga picha watu wa hapa bila ridhaa yao, ukawatangaza kuwa wateja, ukawatukana na wazee. Hiyo ni kashfa, na kashfa inashitakiwa. Zima, au nampigia mkuu wa kituo sasa hivi, na picha mnazifuta mbele yangu."

Enesi alikuwa ameshazama mpaka kifuani. Sauti yake ikatoka chini ya ardhi:

"Kumbe sheria ilikuwepo!"

Barnaba hakugeuka. Lakini shingo yake, anasema Jenista, ilikuwa inaonekana vizuri sana kutoka pale, na haikuwa shingo ya mtu aliyeshinda.

Spika ikazimwa. Wale watu wakafuta picha, au wakajifanya kufuta, ila hawakuondoka. Walibaki barabarani na fagio zao, kimya, wanangoja sanduku lipite. Barnaba akawaacha, maana kusimama kimya barabarani hakuna kashfa.

"Tupeni majembe," mzee Yesaya akasema ukingoni. "Mmefanya vya kutosha."

"Hatutoi," akasema Enesi.

"Mama Anyosisye, tusitiri basi."

"Wa kusitiriwa yuko ndani ya nyumba. Nyinyi ondoeni udongo huo, unaturudia."

Wakaondoa udongo, wengine kwa sepeto, wengine kwa mikono mitupu na mashati yao ya msibani. Mmoja wao, aliyekuja akiwa ameinamisha kichwa, alikuwa Anyosisye. Shimo lilipotimia akaingiza mkono kumvuta mama yake. Enesi akautazama ule mkono. Akaomba wa Jenista, akapanda kwa huo.

Diana alitolewa nyumbani matone ya kwanza yakiwa yanadondoka. Walipita mbele ya fagio. Hakuna aliyeimba kwa nguvu ili kuwashinda, maana hakukuwa na haja. Mwinjilisti alikuwa hajafika, alituma salamu kuwa amebanwa, kwa hiyo historia ya marehemu alitakiwa aisome mjomba. Mjomba akatazama barabarani, akatazama karatasi, akaikunja. Atupele akasogea mbele.

"Huyu ni Diana, mwanangu," akasema. "Alituvisha. Alituezekea. Aliumwa, akarudi kwetu. Funikeni."

Wakafunika.

Watu wa Fagio waliondoka mvua ilipokolea, wengine wamejifunika vichwa kwa fagio zao. Kesho yake walikuwa kwingine, na wana kibali kingine, bila shaka. Nani wa kuwazuia? Waseme mnadani, waseme viwanjani, mimi sitaki mtu afungwe mdomo. Lakini mlango wa mfiwa si uwanja wa mtu.

Jioni wanawake walitandika mikeka ukumbini kulala na mfiwa, kama inavyopasa. Ruti alikuwa anapakwa mafuta ya nazi viganjani.

"Gwamaka naye ana mama," akasema. "Siku akifiwa, twende na fagio."

"Nenda wewe," Enesi akajibu. "Mimi mgongo unaniuma."

Wakacheka kidogo, wakalala mmoja mmoja. Nje, kwenye moto wa wanaume, Anyosisye alikuwa anakohoa moshi. Enesi alimsikia. Hakumwita ndani, ila alimpelekea blanketi kwa mkono wa mtoto wa Jenista, bila ujumbe. Baadaye kikohozi kikakoma.

Atupele alikuwa bado macho, uso ukutani.

"Enesi."

"Abee, dada."

"Wameondoka?"

"Wameondoka."

"Wakati ule mnachimba, yule kijana alisema nini tena juu ya mwanangu? Humu ndani nilizibwa masikio na kilio cha watu."

"Sikusikia," akasema Enesi. "Nilikuwa shimoni. Shimoni hakusikiki kitu."

Atupele akavuta pumzi ndefu, akaiachia, na haikupita muda akalala, kwa mara ya kwanza tangu mwanawe ashushwe kwenye bodaboda. Enesi, ambaye alisikia kila neno, alibaki amelala chali, viganja vimewaka moto, anayarudia yale maneno moja moja na kuyatafutia majibu aliyopaswa kuyatoa. Mengine aliyapata, makali, mazuri, ya kumfanya mtu akose pa kuweka uso. Lililokuwa baya kuliko yote hakulipatia jibu. Alilishikilia hivyo hivyo, anaupigapiga mkeka kwa kidole, mpaka kidole kikatulia, naye akasinzia.