Basi Sharti Life Likiwa Hai

Nilipofika nyumbani Ijumaa asubuhi, banda la mabasi lilikuwa wazi na nafasi ya basi namba kumi na nne ilikuwa tupu. Pale lilipozoea kusimama palibaki doa la mafuta sakafuni, na viti vya abiria vilivyopangwa kando ya ukuta, viwili viwili, kama wanafunzi wanaosubiri kuitwa. Mama alikuwa akitembea kutoka mlangoni hadi kwenye doa lile na kurudi, funguo za basi jingine zikilia mkononi mwake.

"Liko wapi?" nikauliza kabla sijamsalimu.

"Muulize baba yako mdogo."

"Na viti?"

"Juzi alipoving'oa nilidhani anataka kuosha sakafu. Leo nimerudi kutoka kupeleka watoto shuleni, nakuta hivi." Akaanza tena kutembea. "Amelivuta msituni, Annika. Kesho si ufunguzi wa kulungu?"

Niliketi juu ya kiti kimojawapo. Katika ukoo wa Brekke hakuna basi la shule lililowahi kuuzwa kama chuma chakavu. Basi likichoka huvutwa kwa trekta hadi msituni nyuma ya shamba, hufungwa jiko la kuni na vitanda vya mbao, na kila mwezi wa Novemba, usiku wa kuamkia siku ya kwanza ya kuwinda kulungu, jamaa wa mashamba matatu hulala humo. La babu liko pale hadi leo, mti umelitoboa dirisha. Kusini mwa Wisconsin watu huenda kuwinda na mahema. Sisi wa kaskazini huenda na mabasi yetu wenyewe.

Lakini namba kumi na nne halikuwa huru kwenda popote. Tangu majira ya kuchipua nilikuwa nimeshughulikia maombi ya ruzuku nikiwa chuoni Madison, kwa bidii ya mtu aliyeamini, na anayeamini hadi sasa, kwamba mtoto hapaswi kuvuta moshi wa dizeli ili apate kusoma. Serikali ya jimbo ingelipa sehemu kubwa ya bei ya basi la umeme, kwa masharti. Basi la zamani lisiuzwe wala lisigawiwe, lisije likachafua hewa ya watu wengine. Litobolewe injini tundu la kupitisha ngumi, na mihimili yote miwili ya chesisi ikatwe. Na kabla ya hapo liwake na kutembea lenyewe mbele ya mkaguzi, kwa sababu wako watu waliowahi kuleta mizoga iliyokufa zamani wakidai fidia ya walio hai.

Mkaguzi alikuwa anakuja adhuhuri. Jumatatu bodi ya shule ingetoa zabuni ya njia zetu, na safari hii ilikuwa imetangaza kwamba haitampa asiye na uthibitisho wa basi la umeme. Kampuni kubwa ya mjini ilikuwa nao tayari. Mama, ambaye hajafanya kazi nyingine tangu nizaliwe, alikuwa na namba kumi na nne tu la kutoa kafara. Jingine, namba kumi na moja, lilikuwa la muundo uleule ila jipya mno kwa mpango ule.

"Mama, ulimwambia nini Baba mdogo?"

"Nilimwambia Ijumaa basi la Arne linaondoka barabarani."

"Na kwamba litakatwa?"

Akazibana funguo kiganjani. Arne ni marehemu baba yangu. Ndiye aliyeliendesha basi lile tangu likiwa jipya hadi moyo wake ulipomsaliti, na Verlyn ni mdogo wake wa pekee.

"Nilikuwa natafuta siku nzuri ya kumwambia," Mama akasema.

Tukaingia kwenye gari.

Njia ya msituni ilikuwa imeganda, matope yamekuwa magumu kama vigae. Tulimkuta Verlyn juu ya paa la basi, amepiga magoti, anaziba kwa udongo wa tanuri pale bomba la moshi lilipotokeza. Ndiyo, alikuwa ametoboa paa.

"Msomi kafika," akaniita kutoka juu. "Ukiingia vua viatu, nimepiga deki. Shemeji, njoo uone kitanda chako. Nimekupa cha karibu na jiko, usije ukasema wa Brekke hawana adabu."

"Shuka, Verlyn," Mama akasema.

Akashuka. Mama akamweleza, kwa sentensi fupi, huku akitazama magurudumu. Nilimwona Verlyn akivua glavu moja, akaivaa tena, akaivua.

"Wakate," akasema. "Wakate kitu gani?"

"Injini na chesisi."

"Basi zima? Linalotembea?"

"Ndilo sharti, Baba mdogo," nikasema. "Likiachwa zima, litauzwa tena mahali pengine, na watoto wa huko…"

"Nani kasema litauzwa? Litauzwa kwa nani, kulungu?" Akanigeukia. "Wewe umeandika karatasi hizo?"

"Mimi."

"Umekaa Madison, kwenye chumba chenye joto, ukaandika basi la baba yako likatwe."

Jibu nililokuwa nalo lilikuwa na takwimu ndani yake. Niliona haya kulitoa.

Alizunguka basi mara moja, kisha akarudi na sauti ya chini, ya mtu anayependekeza biashara. "Namba kumi na moja na hili ni mapacha. Ukiyatazama usoni hutofautishi. Tumuwashie yule mkaguzi kumi na moja, aone linatembea, aende zake. Wakija kukata, tutajua la kuwapa."

Mama hakukataa. Ndicho kilichonitisha. Alisimama akiuma mdomo, akipiga hesabu, na kwa mara ya kwanza nilielewa jinsi Jumatatu ilivyokuwa karibu.

"Namba imegongwa kwenye chuma cha chesisi," nikasema. "Na hata isingegongwa, mimi siwezi. Mama, jina langu liko kwenye fomu ile. Na lako."

"Jina halilishi mtu," Verlyn akasema.

"Bali likiwa safi huzuia watu kunyang'anywa walichopewa."

Nikapanda juu ya kisiki, mahali pekee msituni pale penye mtandao wa simu, nikampigia mkaguzi. Nilimwambia ukweli wote: basi liko msituni, halina viti, lina jiko. Nilisikia mlango wa gari ukifungwa upande wa pili.

"Lina injini?" akauliza.

"Lina injini."

"Nielekeze basi. Koti la wawindaji la rangi ya chungwa ninalo garini, kesho na mimi nawinda."

Mkaguzi, Pakou Thao, alikuwa mwanamke mfupi mwenye hatua za haraka, ameshika kipande cha soseji ya kulungu alichokuwa akikila njiani. Alilitazama basi kwa muda mrefu, bomba, paa, mapazia ambayo Verlyn alikuwa ameyatundika.

"Marehemu bibi yangu angehamia leo leo," akasema. Kisha akatoa kamera. "Haya. Liwake, litoke hapa hadi kwenye banda lenu kwa nguvu zake. Kuvutwa hakuruhusiwi. Na saa nane lazima niwe wilaya ya pili."

"Na likishindwa?" Mama akauliza.

"Nitaandika nilichokiona. Kabla ya wiki ya mwisho wa mwezi sirudi huku."

Mama akaketi kwenye usukani, akapiga stata. Injini ikazunguka, ikakohoa, haikushika. Akapiga tena. Harufu ya dizeli mbichi ikatoka, pamoja na ile nyingine nzito inayofanana na ya jikoni, nami nikajua kabla hajapiga ya tatu. Ushirika wa wakulima huuza dizeli iliyochanganywa na mafuta ya soya kwa bei nafuu, kwa sababu jimbo huwapunguzia kodi, na wiki iliyopita kulikuwa na joto. Usiku wa kuamkia siku ile baridi ilikuwa imeshuka ghafla, na theluji kidogo. Soya huganda kama mafuta ya nazi wakati wa kipupwe. Chujio lote lilikuwa limeziba kama nta.

Verlyn alisimama kando ya msonobari, mikono mifukoni. Alijua. Maisha yake yote ameyaamsha magari kwenye baridi.

"Serikali hiyo," akasema bila kututazama, "mkono mmoja unawapa basi la umeme, mwingine unawauzia maharage yanayoganda. Iulizeni."

"Baba mdogo, tafadhali."

"Arne alikuwa akilala kwenye basi la Baba, kitanda cha nyuma, kila mwaka, na kila mwaka alinionyesha mahali lake litakaposimama. Hapa. Kando ya mti huu. Ndiyo maana nimelileta hapa, si kwingine."

Mama alishuka. Alimwendea hadi wakawa ana kwa ana, mvuke wa pumzi zao ukichanganyika.

"Nilipaswa kukuambia," akasema.

"Ulipaswa."

"Niliogopa uso huo ulio nao sasa." Akapangusa pua kwa mkono wa koti. "Verlyn, Arne hakuwahi kukosa njia ya asubuhi. Hata siku ile ya theluji kubwa. Nikikosa zabuni Jumatatu, nani atapita kwa akina Sobczak, kule mwisho wa lami, ambako kampuni imeshasema haifiki? Hili ni bati. Njia ndiyo yake."

Mkaguzi alitazama saa, kisha akatazama miti, kwa adabu. Mimi nilikuwa nikikanyaga theluji ya mahali pamoja hadi majani yakaonekana. Nilitaka kusema kitu, na kila nilichokuwa nacho kilitoka darasani.

Verlyn alitoa mikono mifukoni. Aliingia ndani ya basi. Tulisikia mlango wa jiko ukifunguliwa, kuni zikivunjwa gotini, kibiriti. Baada ya kitambo bomba la paani likaanza kutoa moshi.

"Msomi," akaita. "Mnatazama nini? Jaza birika kijitoni. Na matambara, yote yaliyomo garini."

Nilikimbia. Maji yalipochemka juu ya jiko lile ambalo halikupaswa kuwamo, Verlyn alilala chali chini ya boneti, akalifunga chujio kwa matambara na kuyamwagia maji ya moto polepole, mimi nikimpokeza. Birika la pili. La tatu. Alinguruma mara moja tu, maji yalipomwingia kwenye mkono wa shati.

"Sasa, shemeji. Usikanyage sana, utalizamisha kwa mafuta."

Injini ilikohoa, ikashika, ikazimika, ikashika. Mtetemo wake ulinijia miguuni. Harufu ilikuwa ileile ya koti la baba yangu, na nilisimama katikati yake nikijua kwamba ni sumu, nikiivuta.

Mkaguzi alipiga picha ya mbele, ya ubavuni, ya namba kwenye chuma. Kamera yake ikatua kwenye bomba lililokuwa likifuka paani.

"Kanuni zangu hazisemi chochote kuhusu majiko," akasema.

"Zina akili kumbe," Verlyn akamjibu.

Tulitoka msituni hivyo: Mama kwenye usukani, mimi nimeketi juu ya kitanda cha mbao, Verlyn amesimama akiliegemea jiko lisianguke, na moshi wa kuni ukitufuata juu ya paa.

Bandani, Pakou Thao alitia sahihi mahali palipotakiwa na kusema kwamba tundu likishatobolewa mbele yake, uthibitisho utamfikia Mama kabla ya Jumatatu, chesisi itakatwa baadaye. Kisha akauliza nani atatoboa. Nilidhani tungengoja fundi. Verlyn alikwisha kuchomeka keekee ya umeme.

"Na bodi lake, hili bati la juu?" akauliza, kidole kwenye kitufe. "Karatasi yenu inataka injini na chesisi. Bodi ni la nani?"

"La mwenyewe," akasema mkaguzi. "Lakini chesisi ikikatwa, hutalivuta zima."

"Nusu inalaza watu wanne."

Mama alizima injini. Aliketi kidogo, kisha akashuka na kusimama karibu na viti. Keekee ikaanza kulia, chuma kikatoa nyuzi za fedha, na kwa muda hakuna aliyeweza kusikilizana na mwenzake. Ilipotulia, Verlyn aliitoa, akaingiza ngumi ndani ya tundu kupima, kama sharti lilivyotaka. Iliingia. Hakuitoa.

Mkaguzi alinipa kamera, kwa kuwa mikono yake ilikuwa na makaratasi. Picha ilipaswa kuonyesha tundu lote, bila kizuizi.

"Mkono wako, Baba mdogo," nikasema.

"Najua."

Nikaishusha kamera, nikangoja.