Kiti cha Mkunjaji

Bibi Kiti alipiga chafya tatu mfululizo, akafuta pua, akaendelea kukunja foronya. Basi. Hakubana mapaja, hakushika meza, hakukimbilia chooni. Winchi alikuwa amesimama mlangoni na furushi la mashuka mabichi kifuani, akimtazama. Jamani, wivu wa chafya! Hakujua kama binadamu anaweza kufika huko, lakini yeye alikuwa ameshafika.

Yeye chafya moja ilimtosha kulowa hadi magotini. Kizazi chake kilikuwa kimeshuka, mwaka wa pili sasa, kikavuta na kibofu. Daktari alikirudisha ndani akakizuia kwa pete ya mpira, na hiyo pete, kwa jinsi alivyokuwa akiinama na kuinuka kutwa nzima, ilimtia kidonda. Alikuwa akivaa vitambaa vitatu kwa mpigo na kanga mbili juu yake, na bado alijihisi ananuka.

Chumba cha dobi cha hospitali ile kilikuwa na mashine mbili. Moja ilifua, nyingine ya kukamulia ilikuwa ikingoja fundi tangu sijui lini. Kwa hiyo mashuka ya wodi nne yalitolewa yakichuruzika maji, wanawake wakayakamua wawili wawili, huyu akisokota kulia, yule kushoto, kisha yakapandishwa ngazi kumi na nne hadi uwanja wa kuanikia. Aliyeyapandisha ni Winchi. Miaka kumi na mmoja. Jina hilo, la mashine ya kunyanyulia mizigo, wenzake walimpa kwa sifa, na alipokuwa na nguvu zake lilimfurahisha.

Bibi Kiti naye jina lake lilitokana na kiti. Miezi sita na kitu nyuma alifanyiwa upasuaji uleule ambao Winchi alikuwa akiungoja, na aliporudi alipewa kazi nyepesi: kukaa mezani na kukunja. Kilikuwa kiti cha mbao tu, tena mguu mmoja umefungwa kamba. Winchi alikitazama mara mia kwa siku.

"Shoga, usiiachie tarehe yako," Bibi Kiti alimwambia siku ile. "Ukitoka pale utashangaa. Mimi sasa hivi nacheka mpaka machozi, wala tone."

"Nasikia," Winchi alisema. Akapita na furushi lake.

Tarehe alikuwa nayo. Daktari bingwa wa akina mama alikuja hospitali ile siku moja tu kila baada ya miezi minne, akapasua wawili, akaondoka. Zamu ya Winchi ilibakiza wiki sita. "Nitakitoa kizazi, na kibofu nitakishona kikae mahali pake," daktari alimwambia. "Ila nikikuta kidonda hakijapona, sikupasui. Usiinue kitu kizito kuliko birika la chai." Akamwandikia barua, na Winchi akaitia kwenye mfuko wa plastiki, akaificha kifuani isilowe.

Saa ya mapumziko aliipeleka kwa msimamizi. Huyu hakuwa mtu wa hospitali. Alikuwa wa kampuni iliyopewa kazi ya dobi. Aliisoma barua yote, akaikunja vizuri.

"Pole sana, mama. Haki ya kazi nyepesi unayo. Tatizo, kampuni inatoa nafasi moja ya kazi nyepesi. Moja tu. Nayo ina mwenyewe."

"Basi nipumzike nyumbani hizo wiki sita, bosi."

"Pumzika. Nani kakukataza? Ila nyinyi ni vibarua, na pale nje kuna wanawake wanalala getini wakingoja nafasi. Mimi sikufukuzi, mama yangu. Nakueleza tu hali ilivyo."

Msimamizi akavuta kiti chake karibu na meza, akashusha sauti kama mtu anayemwonea huruma.

"Yule mwenzako anaonekana mzima kabisa. Mnakaa mtaa mmoja, sivyo? Hujawahi kumwona akibeba kitu?"

Winchi alijua kabisa anachoulizwa. Angeweza kusema hapana, akaondoka. Lakini zile chafya tatu zilikuwa bado zinamuuma rohoni.

"Jumapili nilimwona na beseni kichwani."

"Kubwa?"

"Kubwa."

"Lilikuwa na kitu?"

"Lilikuwa limejaa."

"Limejaa nini?"

"Sikuchungulia."

Alichungulia. Tena si kuchungulia tu, alimtua yeye mwenyewe, kwa mkono mmoja, maana lilikuwa limejaa sufi ya kujazia mito na lilikuwa jepesi kuliko kanga aliyovaa. Walisimama pale wakicheka sufi ikiwaingia puani, na Bibi Kiti akamchotea ya kutosha mto mmoja, bure. Ukimuuliza Winchi atakuapia kwamba kwa msimamizi hakusema uongo hata neno moja.

Jumatatu Bibi Kiti aliambiwa aende akasaidie kukamua na kubeba. Akatoa barua yake ya daktari.

"Hii ina miezi sita," msimamizi alisema. "Mtu anayebeba mabeseni mtaani hawezi kushindwa na mashuka."

"Mabeseni gani? Nani kasema?"

"Watu wanaona, mama. Kazi hiyo hapo."

Jioni walipokuwa wakivaa viatu, Bibi Kiti alimshika Winchi mkono. "Nimechongewa, shoga. Nani huyo asiyenitakia mema? Na mimi nimemkosea nini?"

"Mimi nitajuaje?" Winchi alijibu, na kuvaa kiatu kukamchukua muda mrefu.

Kuanzia Jumatatu hiyo kiti kikawa cha Winchi. Siku ya kwanza mgongo wake haukujua ufanye nini, maana haukuzoea. Siku ya tatu alikojoa chooni kama watu wengine. Wiki ya pili kidonda kilianza kufunga. Alikunywa maji, alikula mboga ili damu iongezeke, alifanya yale mazoezi ya kubana na kuachia aliyofundishwa na nesi, akihesabu kwa kila foronya. Alikuwa anajiandaa kama bibi harusi, na furaha hiyo aliificha.

Lakini roho haikutulia. Kupitia dirisha aliona wanawake wakimpokea Bibi Kiti pembe za furushi. "Leta huku, mama, utajiumiza." Mmoja alimbebea furushi zima hadi juu. Winchi aliuma mdomo. Miaka kumi na mmoja alipanda zile ngazi, na hakuna aliyewahi kumshikia hata pindo! Yule hata akishushwa chini anapendwa. Wanawake wenyewe hawakuwapo kila mara, wala kazi haikupungua. Kuna siku alimwona Bibi Kiti amesimama ngazi ya saba peke yake, ameshika ukuta, midomo myeupe. Aligeuza kiti akakaa upande mwingine.

Wiki ya sita alilazwa. Daktari alimkagua. "Safi kabisa, kidonda kimepona," akasema, na Winchi akatoa machozi mbele yake bila haya. Pete ya mpira ilitolewa ikatupwa. Asubuhi, akiwa hajala tangu jana yake, alivalishwa gauni la upasuaji lililofungwa kwa nyuma na kofia ya kitambaa. Mgonjwa wa kwanza aliingizwa. Wa pili ni yeye.

Saa nne wodi ikajaa kelele. Toroli lilipita likikimbizwa, na damu ikidondoka sakafuni. Sista wa wodi alikimbia nalo, akarudi akiwa anahema.

"Mama, nguo zako ziko wapi? Vaa."

"Vipi, Sista? Zamu yangu bado?"

"Imeingia dharura. Mwenzenu wa dobi huyo, kaanguka kwenye ngazi. Mishono ya ndani imeachia yote. Daktari anamchukua sasa hivi, na akimaliza anaondoka."

"Na mimi?"

"Miezi minne. Tutakuandika wa kwanza."

Toroli lilikuwa limesimama mlangoni pa chumba cha upasuaji, likingoja mlango ufunguliwe. Winchi alilifikia na gauni lake, miguu mitupu. Bibi Kiti alikuwa amelala ubavu, uso umempauka. Alipomtambua alinyoosha vidole.

"Shoga," alisema. "Nisamehe. Nimekuchukulia nafasi yako."

Winchi alitaka kusema jambo. Alifungua mdomo kabisa. Mlango ukafunguliwa, toroli likaingia, na alichokihisi Winchi alipoiona ile taa kubwa ikiwashwa juu ya mwenzake kilikuwa ni wivu uleule. Kitanda kile, daktari yule, sindano ile: vyote kapewa yeye tena. Alisimama pale hadi mlango ulipofungwa.

Sista alikuwa akimsubiri kitandani. "Msimamizi wenu katuma ujumbe. Amesema kwa kuwa hukupasuliwa, urudi zamu ya mchana, maana kwenye kubeba amepungukiwa na mtu. Na kiti amesema ukiache, kinamngoja huyo aliyeanguka."

"Pete, Sista. Nirudishiwe pete angalau."

"Stoo hakuna. Uliza mwezi ujao." Sista alikuwa tayari anavua shuka la kitanda chake, akalitupa juu ya mengine yaliyotoka kufutiwa damu ya sakafuni, akafunga pembe nne kwa fundo. "Si unashuka dobi? Basi nisaidie na hili. Ongeza na hilo gauni."

Winchi alivaa kanga zake. Akaliweka gauni juu ya furushi, akatanua miguu kama alivyozoea miaka yote, akainua. Kilichokuwa ndani kikateremka, taratibu, hadi kikagusa mapaja. Alilibana furushi kifuani, lenye damu isiyokuwa yake, akaanza kwenda kwa hatua fupifupi.