Shahidi wa Ghorofa ya Kumi na Nne

Katika jengo letu hapa Dixon, huku ughaibuni, hakuna anayeijua sheria kunishinda. Nimeisoma mwaka mzima, darasa la kumi na mbili. Haya, aliyesoma ni mjukuu wangu Zahraa; mimi nilimshikia karatasi akikariri, na siku ya kwanza nilizishika miguu juu. Mimi mwenyewe darasa la sita la Lindi lilinitosha, na mwalimu alisema hata yeye nimemtosha.

Zahraa ni mtoto wa binti yangu. Ananiita Nanima, kama tunavyowaita bibi sisi Wahindi wa Lindi. Nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kiingereza, kwa hiyo maneno yake humu nimeyavalisha kanga mimi. Mwaka huo wa 2012 alitaka kwenda chuo kikuu kusomea uwakili, na huku sheria ni somo la shule, kama hesabu. Nilifurahi. Kila ukoo unahitaji mtu mmoja wa kugombana kwa mshahara.

Furaha iliisha Jumamosi moja ya Februari, mchana, theluji imeziba dirisha. Zahraa aliweka daftari juu ya meza ya jikoni.

"Nanima, mwalimu anataka kila mtu amhoji shahidi wa jambo lililotokea kweli. Mimi nimechagua kifo cha Daulatbai."

Nikaacha kukoroga chai. Chai ikaendelea kuzunguka yenyewe, muda mrefu kuliko inavyopaswa chai.

Daulatbai alikuwa jirani yangu wa mlango wa pili, mtu wa Mwanza. Yeye Ismailia, mimi Ithnasheri. Tulibishana juu ya kila kitu isipokuwa kiasi cha tangawizi. Mama yake Zahraa alikuwa akienda kazini alfajiri, na aliyemsuka mtoto nywele kila asubuhi ya shule ni Daulatbai. Mimi vidole vyangu vinavuta, alilia.

Agosti 2003 umeme ulikatika mji mzima. Jua lilikuwa linawaka nje, lakini korido zetu hazina madirisha. Ukifungua mlango unatazama ndani ya kaniki. Zahraa, wa miaka tisa, alikuwa kwangu. Mlango ukagongwa. Mara mbili.

Bibi yangu alinilea hivi: kukiwa na giza, usifungue mpaka hodi ya tatu. Jini hugonga mara mbili tu, ya tatu hana ruhusa nayo. Basi nikasimama, nikaingojea ya tatu. Haikuja. Angesema japo neno moja ningefungua, lakini aliyegonga hakusema kitu.

Kesho yake wazima moto walimkuta Daulatbai chini ya ngazi, kati ya ghorofa ya kumi na nne na ya kumi na mbili. Ya kumi na tatu jengo letu halina. Wazungu nao wana majini yao. Mkononi alikuwa na mishumaa miwili. Mmoja wa nani, sikuuliza.

Tangu hapo mlango wangu hugongwa, si mara nyingi. Mara mbili, kwa kifundo cha kidole. Nikifungua, korido ni tupu na inanuka utambi uliozimwa sasa hivi. Mafundi wa jengo wamekuja mara nne. Wanasema mabomba.

Haya yote Zahraa hakuyajua, wala sikutaka ayajue. Watoto wengine huku huwatembelea bibi zao Krismasi kwa Krismasi. Wangu alikuwa akija kila siku.

"Inua mkono wa kulia," akasema.

"Kurani haishuki rafuni kwa kazi ya shule."

"Si lazima Kurani. Sheria inakubali mtu aahidi tu kusema kweli."

Nikaona sheria hii ina huruma. Ahadi nimetoa nyingi maishani, hasa kwa marehemu mume wangu.

"Naahidi."

"Umeme ulipokatika ulikuwa wapi?"

"Hapahapa. Nakata vitunguu."

"Ukafanya nini?"

"Nikaacha kukata. Kidole hakioti tena."

Hakucheka. Wakili mzuri, nikajisemea.

"Kuna mtu aligonga mlango?"

"Hapana."

"Una hakika?"

"Wakili, umeshauliza."

Akaandika. Kalamu ilikwaruza kwa muda mrefu kuliko neno *hapana* linavyohitaji.

"Na kama mtu akimsikia jirani anagonga," nikauliza, kama anayeuliza bei ya viazi, "asimfungulie, sheria inamfunga?"

"Hapana. Sheria ya hapa haimlazimu mtu amwokoe mwenzake. Tuliisoma Novemba."

"Sheria nzuri hiyo."

"Mimi siipendi," akasema Zahraa. "Mtu kama huyo nisingekanyaga nyumbani kwake tena. Hata kama ni ndugu."

Hapo mlango ukagongwa.

Mara mbili, kwa kifundo cha kidole. Ule utambi nikaunusa nikiwa bado nimekaa. Taa ya jikoni ilikuwa inawaka, theluji nyeupe dirishani, na kwenye ufa chini ya mlango kulikuwa na giza lililojaa kama maji. Zahraa aliinua kichwa, akafungua mdomo aitikie. Mimi nikahesabu. Nikangoja. Friji ilinguruma, ikanyamaza. Ya tatu haikuja.

"Umesikia, Nanima?"

Sauti yake ilikuwa nzito, kama ya mtu aliyefungiwa kabatini.

"Sijasikia kitu, mwanangu. Hayo mabomba."

Kisha akaushika mkono wangu, ambao ulikuwa juu ya mdomo wake, umeubana kweli, nami sikujua umefikaje huko. Akauondoa kidole kimoja kimoja, taratibu, kama anayefungua msuko. Akauweka juu ya daftari na kuulalia kwa kiganja chake ili usirudi.

"Siku ile pia uliniziba hivihivi," akasema. "Nilidhani nimeota, mpaka sasa. Aligonga mara mbili. Halafu, Nanima, akaita. Aliita jina langu."