Majembe Uani kwa Mama Andrea

Elina alikuwa amekwisha kusugua mitungi miwili kwa majivu na mchanga, na sasa mkono wake ulikuwa ndani ya mtungi wa tatu hadi kwapani. Maji ya mitungi hiyo, aliyoyateka alfajiri, alikuwa ameyamwaga nyuma ya zizi, kwa sababu yalikuwa yameiva. Povu lake lilikuwa zito, na kuku wawili waliodonoa pale walikuwa wamelala ubavu, jua bado halijapanda.

Ilikuwa siku ya nne. Maji yoyote yakikaa ndani ya nyumba yake kwa muda wa sala ya asubuhi, yaligeuka pombe ya mtama, tena nzuri. Alikuwa amebadilisha mitungi. Alikuwa amebadilisha kisima. Alichemsha, akafunika kwa kitambaa safi, akafunua, akakuta pombe ya moto.

"Hodi kwa Mama Andrea."

Alikuwa Manase, jirani wa ng'ambo ya korongo, na nyuma yake watu ishirini na kitu, majembe mabegani. Pale Ulemo, pombe ikiiva kwa mtu, huyo mtu amealika watu kulima. Harufu ndiyo mwaliko. Watu hulima kwanza, hunywa baadaye.

"Shikamoo, mama. Leo tulime wapi?"

"Marahaba. Sijaalika mtu."

"Pua zetu zimealikwa."

"Shamba langu mmelima juzi, mkalima na jana."

"Tutalima tena," Manase alisema. "Udongo umekuwa kama unga wa kusaga mara mbili, lakini tufanyeje? Kunywa bure tunaona aibu."

Elina alikausha mkono kwenye kanga. Alikuwa mzee wa kanisa kwa mwaka wa kumi na moja, mwanamke peke yake kati ya wazee sita. Kila mara kabla ya Meza ya Bwana alipita nyumba kwa nyumba kuona nani anastahili kushiriki, na pua yake ilijulikana hadi vijiji vya jirani. Mwezi uliopita pua hiyo ilisimama mlangoni kwa Rahabu, mkwewe mwenyewe.

Andrea, mume wa Rahabu, alichukuliwa na serikali mwaka juzi kwenda kukata mkonge kwa ajili ya vita, na hakuna barua iliyofika. Rahabu alibaki na watoto watatu na jembe moja. Alipika mtungi mmoja ili watu waje kumlimia. Elina alimtaja mbele ya wazee kama ambavyo angemtaja mtu mwingine yeyote. Alijua kwamba akinyamaza, watasema amemficha wa nyumbani kwake. Rahabu akatengwa na kanisa, mtungi ukavunjwa, na watu waliokuwa wamefika na majembe wakarudi makwao. Sasa mvua ilikuwa imenyesha mara mbili, na shamba la Rahabu lilikuwa majani matupu.

Elina aliwaacha watu uani, akaenda kwa mwinjilisti Mathayo na kata moja ya pombe ya mtungi wa nne, uliokuwa bado umejaa. Mathayo alichovya kidole, akalamba, akafungua kitabu cha kanuni.

"Kanuni inasema Mkristo asipike. Wewe ulipika?"

"Sikupika."

"Basi huna kosa, mama." Alifunga kitabu. "Na shamba la kanisa bado halijalimwa."

Kabla ya adhuhuri shamba la kanisa lilikuwa limelimwa lote. Watu walikunywa kivulini, kwa adabu, baada ya Mathayo kuomba.

Alasiri Rahabu alikuja. Alipiga goti, akasalimia, akakaa pembeni ya mlango.

"Mama, nimesikia haikupikwa."

"Haikupikwa."

"Basi kesho waje kwangu. Mbegu nimezitundika juu, lakini watoto wameshajua zilipo. Jana nimemkuta mdogo amepanda juu ya kinu."

Elina alirudi kwa Mathayo. Alimkuta akinoa panga, akamweleza yote kwa utaratibu, tangu barua zisizofika mpaka kinu.

"Rahabu ametengwa," Mathayo alisema. Hakusema kwa ukali. "Tukimlimia kwa pombe ile ile aliyotengewa, watu watasema adhabu imeondolewa kwa mlango wa nyuma. Wazee watalikalia jambo lake baada ya mavuno."

"Mavuno ya nani?"

Mathayo alijaribu makali ya panga kwa kidole gumba. "Ya mtama, mama," alisema.

Njiani Elina alipima. Akiwapeleka watu kwa Rahabu, atatengwa naye, na siku wazee watakapokaa hakutakuwa na wa kumsemea. Asipowapeleka, mvua haitangoja wazee. Alipima tangu kwa Mathayo hadi nyumbani.

Asubuhi ya siku ya tano watu walikuwa thelathini na saba. Manase aliuliza walime wapi. Elina alitazama upande wa kwa Rahabu, akawaambia walime pale pale. Wakalima udongo uliolimwa, wakasawazisha pembe, wakang'oa jani moja lililokuwa limeota usiku.

Jioni, walipokwisha kutawanyika, alichukua jembe lake na kibuyu cha maji, akaenda kwa Rahabu. Walianza upande wa juu, wakashuka pamoja. Majani yalikuwa na mizizi mirefu, na mgongo wa Elina ulikuwa wa miaka sitini na nne. Walipomaliza tuta la pili walikaa. Rahabu alifungua kibuyu, akanusa, akakirudisha chini. Mtu aliyetengwa akionekana anakunywa, huongezewa mwaka.

"Ungeteka hapa kwangu," alisema.

"Sikufikiri."

Jua lilikuwa linazama, hivyo wakalima tuta la tatu na kiu. Yalibaki matuta hamsini na tano. Giza lilipoingia waliyachomeka majembe kwenye tuta la nne, pale walipofikia, Rahabu akaenda kuwawashia watoto moto.