Umri wa Mlingoti

Shuka la mwisho lilikuwa bado na unyevu, lakini mama alilipiga pasi hivyo hivyo, mvuke ukampanda usoni, akalikunja na kulibwaga juu ya mengine. Msimamizi wa nyumba ya wageni alikuwa amemruhusu kutoka kwa sharti kwamba mashuka ya vyumba vya juu yawe yamekwisha, na msimamizi yule aliyajali mashuka kuliko wageni.

Mlangoni binti yake alikuwa akisubiri, ameinamisha kichwa kwa mazoea ili asijigonge. Mtaani walimwita Mlingoti. Mwanzo lilikuwa jina la kumcheka, ila tangu aanze mpira wa kikapu limegeuka la kujivunia, na mama mwenyewe siku hizi akiitwa Mama Mlingoti anaitika. Viatu alivyovaa vilikuwa vya kiume, vya kuazima, na mbele alikuwa amesokomeza kitambaa ili vidole visicheze.

"Mama, tutachelewa."

"Tukichelewa, lawama ni za miguu yangu. Yako huwa inafika kabla yako."

Siku hiyo wasichana walikuwa wakichaguliwa kwenda kambini. Wala haikuwa kambi ya kuchangamsha likizo tu. Atakayepita angepelekwa shule ya bweni, asome na acheze bila kulipa chochote mpaka amalize. Asiyepita angerudi kwao. Kwa Mlingoti kwao maana yake ilikuwa pasi na mashuka, kwa kuwa mama alikuwa amefika mwisho wa uwezo wake na asingeweza kumsomesha tena baada ya mwaka huu. Alikuwa hajamwambia.

Uwanja ulikuwa wa saruji iliyopasuka, na chuma cha kikapu hakikuwa na wavu. Mama hakujua sheria za mchezo, lakini macho alikuwa nayo. Aliona wenzake Mlingoti wakiruka kuutafuta mpira, na binti yake akinyoosha tu mkono na kuuchukua, kama mtu anayetoa kikombe kabatini. Aliona pia kwamba akishaupata hakuwa na choyo, aliutoa kwa aliye wazi. Kocha, mwanamke ambaye naye aliwahi kucheza akaishia kuumia goti, alikuja mpaka alipokaa mama.

"Huyu usimpeleke kokote," alisema. "Huyu ni wetu."

Mama alifurahi mpaka akaona haya, akajifanya anafunga kilemba upya.

Furaha hiyo ilifika mezani ikafia hapo. Katibu wa chama cha mpira wa kikapu, mtu mzima mwenye sauti ya upole, alikuwa amekaa chini ya turubai akikagua ripoti za shule. Ya Mlingoti aliisoma mara mbili. Ilisema ana miaka kumi na saba, na umri wa mwisho wa kuingia kambini ulikuwa kumi na sita. Mama akamwambia kwamba mtoto ana kumi na minne, akamweleza na kosa lilikotoka.

Zamani zile, mtoto asiye na cheti alipopelekwa kuanza shule, mwalimu alimwambia apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili. Akilifikia, ana miaka saba. Asipolifikia, arudishwe nyumbani akue. Mlingoti alikuwa na minne, amesindikizwa tu kumpeleka mtoto wa jirani. Mwalimu alimwita kwa utani, na mkono wake ukalipita sikio ukafika shavuni. Mama alisema pale pale kuwa huyu ana minne. Mwalimu akacheka, akasema mama anaweza kusahau lakini mkono haudanganyi, akaandika saba. Mama hakubishana sana. Alikuwa na kazi ya kwenda na hakuwa na pa kumwacha mtoto, na shule ilikuwa na ukuta na geti.

Katibu alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu kabisa.

"Mama, kila mzazi anayefika hapa, mtoto wake ni mdogo," alisema. "Angekuwa mvulana ningemsukuma kundi la wakubwa, lipo. Wasichana wana kundi moja tu."

Mama akauliza kwa nini wana moja. Katibu alifikiri kidogo, kama mtu ambaye hajawahi kuulizwa, kisha akajibu kwamba ndivyo walivyolikuta. Akamwambia alete cheti cha kuzaliwa kabla hawajafunga.

Wakakimbia ofisi ya vizazi na vifo. Karani alitaka kadi ya zahanati. Mama akasema mtoto alizaliwa nyumbani. Basi alete ripoti ya shule. Ya shule ndiyo yenye kosa. Karani akasema kosa la shule hurekebishwa kwa cheti cha kuzaliwa, akarudi kwenye chai yake. Mama alicheka, maana kilio kilikuwa karibu mno. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na pengine hawakuwahi kupanga foleni katika ofisi ile.

Waliporudi uwanjani jua lilikuwa limeshuka. Kocha alikuwa amebishana na katibu mpaka sauti ikamkauka. Mlingoti aliachwa arushe mpira na wenzake, mama akaenda mezani peke yake kubembeleza. Hapo akamkuta Pilipili, msichana mfupi mwenye kasi, aliyepita mchujo asubuhi na sasa ameitwa tena.

"Shikamoo, mama," Pilipili alisema kwa sauti ndogo.

"Mnafahamiana?" katibu akauliza. Kumbe kuna mtu alikuwa amemnong'oneza kwamba umri wa Pilipili si wa kweli. "Vizuri. Cheti cha huyu kinasema miaka kumi na mitano. Wewe unamjua, mama. Ni kweli?"

Mama alimjua vizuri mno. Walikuwa wapangaji wa ua mmoja. Siku aliyozaliwa Mlingoti mvua ilifunga njia, na mama yake Pilipili ndiye aliyempokea mtoto na kukata kitovu. Pilipili alikuwa na miaka mitano, amesimama na ndoo ya maji akilia, akidhani mtu anakufa. Baadaye ndiye aliyembeba mtoto mgongoni kutwa nzima. Mama yake sasa ni marehemu, na Pilipili aliacha shule alee wadogo zake. Ile kumi na mitano ilitoka wapi, mama aliweza kukisia. Mjomba wa msichana alikuwa na mtu wake pale ofisi ya vizazi.

Maneno yalimfika kooni. Mwulize huyu, alikuwepo. Lakini kusema Pilipili aliona uzazi ule ni kusema Pilipili ana miaka kumi na tisa. Angetolewa, na nani kaapa kwamba Mlingoti ataingizwa? Huenda wakatoka wote wawili. Na mikono iliyompokea mwanawe ilikuwa ya mama wa huyu.

"Ni kweli," mama alisema. "Ni mtoto mdogo."

Katibu alipiga muhuri. Hakuuliza mara ya pili.

"Na wangu, bwana? Kama neno langu linatosha kwa huyu?"

"Huyu si mwanao, huna sababu ya kudanganya," katibu alisema, bado kwa upole. "Mzazi hawezi kumtolea ushahidi mwanawe. Nipe mtu mwingine aliyekuwepo siku hiyo. Mmoja tu, na mimi nitampokea."

Mama alimtazama Pilipili. Pilipili aliinama, akafungua kamba za viatu vyake na kuanza kuzifunga upya. Mama alingoja, na katibu naye akangoja, kalamu mkononi.

"Aliyekuwepo amekufa," mama alisema mwishowe.

Katibu akampa pole, akaita mwingine.

Mlingoti alimwona Pilipili akitoka chini ya turubai na karatasi yenye muhuri. Akaja mbio, viatu vikimpwaya, akamkumbatia akamnyanyua juu, huku akicheka. Pilipili alificha uso begani mwake. Mlingoti akamtua chini taratibu, akamgeukia mama yake.

"Na mimi, mama?"