Jiwe la Nyuma ya Gurudumu

"Limekaa, yeyo?" Nashilu aliniuliza, akipangusa matope kwenye vazi lake la ngozi.

"Limekaa," nikamjibu.

Halikuwa limekaa. Alikuwa ameliweka jiwe mbele ya gurudumu, upande wa mlimani, ilhali gari likitaka kukimbia hukimbilia bondeni.

Ulikuwa mwaka ambao Wadachi waliwatoa watu majumbani kwa viboko, wakapanue barabara ya Oldonyo Sambu. Mume wetu, Koikai, alimwendeshea Kaburu mmoja gari la maksai. Miaka minne nilitembea nyuma ya gari lile, na kazi ya mawe ilikuwa yangu. Gurudumu likivunjika, Koikai hakuhitaji kuniambia neno. Alifungua maksai, mimi nikatafuta mawe, nikayakaza nyuma ya magurudumu mazima, nikayapiga teke kuyajaribu. Ndipo yeye alipoingiza nguzo chini ya ekseli na kuinua. Wake wengine husifiwa kwa pombe yao. Mimi nilikuwa na mawe.

Siku ile gurudumu la nyuma lilivunjikia shimoni, katikati ya mpando.

"Resiato, pumzika leo," Koikai akasema. "Mwache mwenzako ajifunze."

Nipumzike! Nashilu alikuwa na miezi miwili tu kwetu, naye alipanda mbele, kwenye kiti ambacho mimi sikukaribishwa hata nilipokuwa na mimba. Tena aliniita yeyo, mama, kwa adabu yote, na mimi nilimzidi masika manane tu.

Koikai akainua gari, akaegemeza ekseli juu ya gogo. Nashilu akapiga magoti ashike gurudumu la akiba, mikono yake yote miwili ikiwa chini ya gari. Mume wetu akamnong'oneza kitu. Nashilu akacheka, na mwanya wa meno yake ukaonekana. Kwangu Koikai alikuwa hajawahi kunong'ona. Kwangu alikuwa akiita.

Ndipo gogo likalia.

Gari lilirudi nyuma kiasi cha unyayo. Sikumbuki kuamua. Nakumbuka jiwe langu la kusagia, nililopewa na mama siku ya kuolewa, tulilolishusha pamoja na mizigo, likiwa kifuani mwangu. Kisha likiwa chini ya gurudumu. Kisha mlio wake likipasuka. Gari likasimama. Nashilu alikuwa ameketi matopeni, ameikumbatia mikono yake kama mtoto mchanga. Ukucha mmoja ulibaki chini ya gogo.

Koikai akazunguka gari, akaliona lile jiwe la upande wa mlimani.

"Nani alilikagua hili?"

Nashilu akanitazama. Nilisikia maksai wakicheua.

"Hakuna," akasema. "Sikumwuliza mtu."

Koikai akamkaripia mpaka sauti ikampotea. Kisha, bila kunitazama, akaniambia, "Yaweke wewe." Nikayaweka. Nikayapiga teke, moja moja. Kazi yangu ilikuwa imenirudia.

Tulizeeka katika boma moja. Alininyonyeshea mwanangu nilipougua. Nami nikawapokea watoto wake wanne walipozaliwa, kwa mikono hii. Hatukugombana hata siku moja. Lakini tangu mpando ule hakuniita tena yeyo. Aliniita Resiato, kwa sauti ya upole, kama nilivyokuwa nikitaka.