Tairi la Nyuma Kushoto

Kila asubuhi, kabla hajanywa hata funda moja la chai, Dereva alilizunguka gari. Jina hilo alibandikwa na watoto wa shule enzi alipokuwa akiendesha basi lao, likamganda, hata mumewe siku hizi alimwita hivyo hivyo. Alishika geji ya upepo, akaanza na tairi la mbele kulia, akapita nyuma, akamalizia mbele kushoto. Tairi hakuliamini kwa macho. Alikuwa akisema tairi ni kama mtu mzima, linaweza kuumwa na bado likasimama wima.

Gari lenyewe lilikuwa nyumba. Zamani lilikuwa basi dogo la abiria. Viti viling'olewa, likatiwa jiko la gesi, sinki, tanki la maji chini ya kabati, kitanda cha mume na mke juu ya kichwa cha dereva, na kitanda kingine chembamba kule nyuma upande wa kushoto, juu kabisa ya gurudumu. Katikati, mahali patulivu kuliko pote, ilikaa meza ya cherehani, imefungwa mikanda isitikisike. Mume alikuwa fundi wa nguo. Walizunguka kutoka gulio hadi gulio wakishona sare za shule, mume akikata na kushona, mke akiendesha na kupiga pasi.

Kitanda cha nyuma kilikuwa cha mama wa fundi, mkunga mstaafu, mwembamba, mwenye nyonga mbovu na ulimi mzima. Alikuwa amehamia mwanzoni mwa mwezi huo, akitokea kwa mwanawe mkubwa, aliyeishi ghorofa ya nne katika jengo lisilo na lifti. Kule alikuwa akikaa dirishani kutwa akitazama mabati ya majirani. Mwana mkubwa alimwachia kwa shingo upande, na kwa sharti moja. Alilisema amesimama mlangoni mwa gari, funguo zake zikining'inia kidoleni.

"Shemeji, nawapa mwezi. Hili gari likiharibika njiani na mama ndani, namrudisha kwangu, wala tusibishane."

Mwezi ulikuwa unaisha siku hiyo. Walikuwa wameagana kukutana naye alasiri kwenye kituo cha mafuta, chini kabisa ya mteremko, barabara hiyo inapoingia barabara kuu.

Asubuhi hiyo geji ilisema tairi la nyuma kushoto limepungua. Halikuwa limelala, lakini tumbo lilikuwa limemwagika kidogo juu ya kokoto. Dereva alipima tena. Akapitisha kiganja kwenye mpira wote akitafuta msumari, akaleta povu la sabuni, akapaka, akachutama akitazama kama litachemka mahali. Halikuchemka popote.

"Pancha?" aliuliza fundi kutoka mlangoni, mswaki mdomoni.

"Hakuna pancha. Na juzi lilipungua vivyo hivyo."

"Si tufunge spea?"

"Spea ina msumari tangu juma lililopita, umesahau? Tulisema tutaiziba huko chini."

Alisema "tulisema", lakini aliyesema ni yeye, na jambo hilo lilimkera asubuhi nzima. Basi la shule hangelitoa getini bila spea.

Hapakuwa na gereji karibu. Palikuwa na pampu ya mguu. Fundi alivua ndara, akaanza kukanyaga, na kwa miguu iliyozoea cherehani hakuwa na haraka wala hakuchoka upesi.

"Ningekuwa nashona, ningeshamaliza suruali tano," alisema akihema.

"Kanyaga, fundi. Suruali hazitatufikisha."

Geji ilipofika mahali pa kuridhisha, si penyewe hasa lakini pa kuendea polepole, Dereva alifungua koki ya tanki, maji yote yakamwagika mchangani. Akahamisha gunia la mchele na majora ya vitambaa kutoka nyuma kushoto, akayaweka mbele kulia. Mama mkwe alimtazama kutoka kitandani, blanketi mapajani.

"Maji ya watu hayo, mwanangu."

"Mazito, mama. Leo tunalipunguzia gurudumu mzigo."

Bibi akauma mdomo wa chini, akageukia dirishani.

Waliteremka taratibu, taa za tahadhari zikiwaka, magari mengine yakiwapita kwa honi. Dereva hakukanyaga breki ghafla, wala hakukata kona kwa nguvu. Alitumia gia ndogo, akaiacha injini ishike mteremko. Kila alipokanyaga shimo alisikia kitanda cha nyuma kikigonga ukuta, lakini sauti ya mtu hakuisikia. Alijiambia mama mkwe amelala.

Walipofika penye uwazi wa kokoto kando ya barabara alisimama ili tairi lipumzike. Akaligusa kwa nyuma ya kiganja. Uvuguvugu tu. Akapima, upepo ulikuwa pale pale. Moyo ukatulia. Fundi alikwenda vichakani kujisaidia, naye Dereva akatembea hadi kwenye kona kutazama lami ilivyoharibika mbele. Alikuta imechimbika kidogo upande wa bonde. Alirudi kwa miguu, amevaa viatu vya mpira visivyo na kelele, na akiwa bado upande wa pili wa gari akasikia sssss.

Alizunguka. Mama mkwe alikuwa ameinama penye gurudumu la nyuma kushoto, mkono mmoja kwenye nyonga, mwingine umeshika kibanio cha nywele kilichozama ndani ya valvu. Kile kifuniko kidogo cha valvu alikuwa amekibana midomoni.

"Mama!"

Bibi alitoa kibanio. Akatoa na kifuniko mdomoni, akakifuta kwenye nguo yake, akakirudisha mahali pake, akakikaza vizuri. Kisha ndipo akanyooka, kwa taabu.

"Kidogo tu," alisema. "Sitoi chote."

"Unatoa tangu lini?"

"Tangu ile barabara ya matuta. Nikiona mmeondoka."

"Kwa nini, mama?"

"Tairi likiwa gumu linanirusha. Nikirushwa, nyonga inawaka moto. Mimi nilikuwa na baiskeli ya kazi, si unajua? Mama wa watu akishikwa na uchungu, nampakia nyuma. Basi kwanza nalegeza tairi la nyuma, asirushwe. Wote nimewafikisha."

Dereva alichutama, akalitazama tairi. Lilikuwa limerudi pale lilipokuwa asubuhi.

"Baiskeli yako ilibeba watu wawili," alisema. "Hili limebeba nyumba. Likilegea linajikunja, linajikunja, linapata joto. Joto likizidi linapasuka, na likipasuka hapa kwenye mteremko, sote tunakwenda bondeni. Lete mkono."

Aliushika mkono wa bibi, akauweka kwenye tairi la kulia, kisha akamzungusha hadi kwenye la kushoto. Mkono ule ulikuwa umepima vipaji vya nyuso vingi kuliko nywele za kichwani. Ulikaa juu ya mpira kwa muda.

"Lina homa," alisema bibi.

"Lina homa."

"Na mimi ndiye niliyelitia." Alijishikiza kwenye bodi ya gari. "Mbona hukuniambia kwamba ndiyo hivi?"

"Na wewe mbona hukuniambia nyonga inawaka?"

"Niseme, halafu? Shemeji yako yule anangoja niseme 'aa' tu. Nikilalamika, narudishwa dirishani." Akamtazama Dereva usoni. "Usimwambie. Mwanangu, nakuomba. Usimwambie."

Fundi alirudi akifunga mkanda, akawakuta wamesimama hivyo, akaelezwa. Alimtazama mama yake kama mtu aliyeambiwa bei ya ajabu.

"Mama, unatutoboa?"

"Nilitoa upepo. Kutoboa hujaniona."

"Tusimsimange," alisema Dereva. "Kitanda kiko juu ya gurudumu, nani alikiweka pale? Hebu fundi, niambie. Ukiwa safarini unashona?"

"Nitashonaje gari likitembea?"

"Basi cherehani inafanya nini pale katikati? Inalala pazuri kuliko mama yako."

Fundi alifungua mlango. Akaingia garini, akaanza kufungua mikanda. Walihamisha meza wakaipeleka mbele kulia nyuma ya kiti cha dereva, wakatandika godoro la bibi sakafuni katikati na kulizungushia majora ya vitambaa asibiringike. Fundi akakanyaga pampu tena, mara hii bila utani. Walingoja hadi tairi likapoa kabisa, wakaondoka. Njiani kote Dereva alikuwa akilifikiria ombi lile.

Shemeji, yule mwana mkubwa, alikuwa amefika kituoni kitambo. Gari lake lilikuwa limeoshwa, na mlango wa nyuma aliuacha wazi, mto umewekwa kwenye kiti. Alimsalimu mama yake, akamwamkia kwa heshima zote, kisha akamgeukia Dereva.

"Shemeji, mmechelewa. Limesumbua?"

"Tairi. Ngoja kwanza litazamwe."

Fundi tairi wa kituo alikuwa mzee mnene mwenye ovaroli nyeusi kwa grisi. Alitaka kulijaza tu, lakini Dereva alimwambia alivue kabisa, alitazame ndani, kwa kuwa lilikuwa limetembea likiwa na upepo mdogo. Likavuliwa, likatenganishwa na rimu. Mzee akaingiza mkono ndani, akautoa na unga mweusi, chembechembe kama chai iliyokauka. Akaumimina kiganjani mwa shemeji, labda kwa kuwa ndiye aliyekuwa amevaa vizuri.

"Ukuta wake umejisaga huku ndani," alisema. "Hili si la kujaza, ni la kutupa. Safari moja zaidi, mngekuwa mnazungumzwa."

Shemeji aliutazama ule unga. Hakupaza sauti.

"Mama, chukua vitu vyako."

Bibi alikuwa amekaa kwenye benchi. Alimtazama Dereva, na Dereva akajua kwamba kwa neno moja la uongo, msumari au kokoto, angeweza kumsaidia. Fundi alitazama viatu vyake.

"Hakukuwa na pancha," alisema Dereva. "Mama alikuwa akitoa upepo. Kitanda kilikuwa kinamuumiza, akaogopa kusema. Aliniogopa mimi na akakuogopa wewe. Mimi nilikuwa napima matairi kila siku ya Mungu, na mtu anayelala juu yake sikumuuliza hata mara moja. Ukimchukua, sitabishana. Lakini muulize mwenyewe, halafu nyamaza umsikie."

Shemeji alikaa kwenye benchi kando ya mama yake, kiganja bado kimefumbata ule unga.

"Nyonga inauma, mama?"

"Haiu..." Bibi alisita. "Inauma."

"Na kwangu ilikuwa inauma?"

"Kwako zaidi. Naikalia kutwa."

"Hukuwahi kusema."

"Hukuwahi kuuliza. Ulikuwa unauliza kama nimekula."

Shemeji aliinuka, akapanda kwenye gari la nyumba bila kuvua viatu, akalala chali juu ya lile godoro la katikati, suti na yote.

"Lisogeze gari kidogo, shemeji," aliita kutoka ndani.

Tairi jipya likafungwa, na spea ikazibwa. Dereva aliliendesha gari kuzunguka uwanja wote wa kituo, akapitia kwa makusudi kwenye tuta la getini. Shemeji alishuka akijifuta vumbi begani.

"Panavumilika," alisema. Akaenda kwenye gari lake, akarudi na ule mto, akampa mama yake. "Mwezi mwingine. Na ukiumia unapiga simu. Mimi, mama. Unipigie mimi."

"Nitakuchosha."

"Nichoshe."

Waliingia barabara kuu jua likiwa bado juu. Walipopita tuta la kwanza, sauti ilitoka nyuma.

"Dereva! Hilo nimelisikia!"

"Pole, mama."

"Pole haiponyi. Punguza!"

Dereva akapunguza. Kwenye tuta la pili bibi alilalamika tena, na kwenye shimo lililofuata akalalamika kwa kirefu, akitaja na mgongo. Fundi akaguna kwamba kwa mwendo huu watafika gulioni watu wamekwisha kukunja turubai. Mkewe aliteremsha gia, akawapisha waliokuwa nyuma yake.